Mheshimiwa kwa Hatua Kumi: Mwongozo wa Mgombea wa Wadi ya Nyansiongo

Umeamua kugombea wadi. Vizuri. Usianze kujitetea, watu wenye akili timamu wamefanya hivyo kabla yako, na baadhi yao leo wanaitwa Mheshimiwa hata na wake zao. Kaunti ya Nyamira ina wadi 20. Borabu peke yake ina nne: Mekenene, Kiabonyoru, Esise na hii yetu ya Nyansiongo. Kiti kimoja ni chako ukinisikiliza.

Tuelewane mapema. Sitakufundisha kazi yenyewe. Kazi imeelezwa katika Kifungu cha 185 cha Katiba: kutunga sheria za kaunti, kuisimamia serikali ya gavana, kupitisha mipango. Sijasikia mtu aliyepata kura kwa kukisoma kifungu hicho. Mimi nitakufundisha kukaa miaka mitano juu ya kazi hiyo bila kuigusa.

Hatua ya 1: Uwe na shangazi kila mahali

Borabu si kama Gusii kwingine. Haya yalikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na watu wetu waliyaingia miaka ya 1960 kupitia mipango ya makazi, huyu akitoka Kitutu, yule Nyaribari, mwingine Bobasi au Mugirango. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja wa kukubeba mpaka Bunge la Kaunti. Wengine huona hilo kuwa tatizo. Wewe lione kuwa ni mwaliko.

Tafuta shangazi aliyeolewa katika kila ukoo. Kama hayupo, atapatikana. Mzee akikuuliza wewe ni mwana wa nani, usikimbilie jina la baba yako. Mtajie nyanya wa upande wa mama aliyetoka kijiji hicho. Mzee atahesabu vizazi kwa vidole, atafika mahali atachoka, na hapo alipochokea ndipo mtakapokuwa jamaa. Mwite tata, yaani baba, shika mkono wake kwa mikono miwili, usiangalie saa.

Na kama umetoka Nairobi juzi, usije na gari siku ya kwanza. Njoo na matope kwenye viatu. Gari litakuja baadaye, na kila mtu anajua litatoka wapi.

Hatua ya 2: Panga wiki yako kwa ibada na mazishi

Jumamosi wewe ni Msabato. Jumapili asubuhi ni Mkatoliki. Jumapili alasiri Roho anaweza kukushukia kwenye hema lolote lililo karibu na barabara. Jambo la kuangalia ni moja tu: usimwombe mzee wa kanisa la Sabato akupe nafasi ya kampeni. Omba nafasi ya salamu. Salamu hazina kikomo cha dakika.

Mazishini, fika wakati wasifu wa marehemu unasomwa. Ukifika kabla ya hapo utasaidia kupanga viti. Ukichelewa zaidi utakuta udongo umesharudishwa. Ingia kwa kupitia mbele, polepole, ukisalimia waombolezaji mmoja mmoja, mpaka mshereheshaji alazimike kusema, "Tumemwona Mheshimiwa ameingia." Bado hujachaguliwa, lakini usimsahihishe.

Ukipewa kipaza sauti, sema marehemu alikuwa mzazi kwako. Kabla ya kusema hivyo, tazama picha kwenye ratiba. Wapo waliomlilia baba shupavu huku jeneza likiwa la mama.

Hatua ya 3: Ahidi kitu cha mwenyewe

Mwakilishi wadi hana tingatinga, hana kikosi cha polisi, hana bei ya majani chai mfukoni. Ndiyo maana hizo tatu ndizo ahadi zako kuu.

Barabara ya kijijini iko chini ya serikali ya kaunti, na fedha zake zinatumiwa na gavana na mawaziri wake. Polisi wa kulinda ng'ombe kule mpakani Chepilat ni wa serikali kuu. Chai inasagwa na kiwanda, inauzwa mnadani Mombasa, na wanunuzi hawajui jina lako. Umeona uzuri wake? Kila ahadi ina mtu mwingine wa kulaumiwa, na mtu huyo yuko mbali.

Chai uishughulikie kwa makini zaidi, kwa sababu hapa Nyansiongo tuna kiwanda, na wakulima wanajua kuhesabu. Bonasi ikitangazwa na ikawa nzuri, sema, "Tulisukuma." Ikiwa mbaya, sema, "Makateli." Maneno haya mawili yanatosha msimu baada ya msimu.

Hatua ya 4: Jifunze sentensi mbili za bungeni

Ya kwanza: "Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!" Simama kwa ghafla, funga kifungo cha koti, inua mkono. Spika atakuuliza ni kanuni gani imevunjwa. Jibu kwamba ni heshima ya Bunge hili. Atakuambia ukae. Kaa. Yule kijana wako aliye juu kwenye roshani ya wageni atakuwa ameshakurekodi ukisimama. Sehemu ya kukaa aikate. Kabla ya chakula cha mchana video iwe kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wadi, na maandishi chini yake: "Simba wa Borabu."

Ya pili: "Naunga mkono hoja hii kwa sababu watu wangu wa Nyansiongo nao wameumia." Inafaa kwa hoja ya majosho, ya zahanati, ya vyoo vya soko, na hata ya kumpongeza mkimbiaji.

Hatua ya 5: Kumbuka namba saba

Kifungu cha 194 kinasema kiti chako kitakuwa wazi ukikosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika ya maandishi, na ukashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha. Walioandika Katiba walikuwa watu wenye huruma. Wangeweza kuandika kimoja.

Basi kosa saba. Cha nane ingia ukiwa na faili kubwa na uso wa mtu ambaye hajalala kwa sababu ya wananchi. Posho ya kikao humfuata aliyetia sahihi, kwa hiyo kwanza tia sahihi, halafu chai, halafu simu ya dharura kutoka wadini. Simu hiyo impe mpwa wako aipige saa nne na nusu kamili.

Ukihisi dhamira inakusumbua, kumbuka kwamba Nyansiongo imewahi kuishi na kiti kitupu. Kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Julai 2025, tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna, na viti vilivyobaki wazi nchini vilisubiri. Wadi yetu ilipiga kura ya uchaguzi mdogo tarehe 27 Novemba 2025, siku moja na Nyamaiya na Ekerenyo. Muda kilipokuwa kitupu, kiti hicho hakikuomba posho, hakikusafiri, hakikumtukana mtu. Hiyo ndiyo rekodi ya kazi utakayolinganishwa nayo, na nakuonya mapema kwamba si rahisi kuivunja.

Hatua ya 6: Nenda ukajifunze, ikiwezekana karibu na bahari

Kamati yako itahitaji elimu. Elimu haipatikani Nyamira. Ingekuwapo mngekuwa mmeshaipata. Chagua somo ambalo wataalamu wake wanaishi Mombasa au ng'ambo. Usimamizi wa taka unafaa. Utalii unafaa. Uvuvi una matatizo kidogo ukitokea Borabu, lakini nimeona hoja ngumu zaidi zikipita.

Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuhusu matumizi ya kaunti zote 47, na safari zimo. Isikutishe. Wasomaji wa ripoti hiyo ni wachache, na wengi wao nao wako safarini.

Ripoti ya ziara iandikwe kabla ya kuondoka, ili upepo wa bahari usikuvurugie mawazo. Chukua ya kamati iliyotangulia, badilisha tarehe na majina. Kisha isome walau mara moja, hasa ukurasa wa mapendekezo. Ni aibu kwa Bunge zima kupendekeza Nyansiongo ilinde matumbawe yake.

Hatua ya 7: Mpende karani

Hapa punguza mwendo. Kama utasahau mengine yote, hili usisahau.

Ukiingia ukumbini siku ya kwanza utaona Spika amekaa juu, na utadhani ndiye mwenye nyumba. Shusha macho. Pale chini mezani, kati ya siwa na rundo la karatasi, kuna mtu mtulivu aliyevaa joho, ambaye hakuchapisha bango hata moja, hakumzika mtu asiyemjua, hakununulia kijana yeyote soda. Huyo ndiye Karani wa Bunge. Ndiye atakayekusomea kiapo. Spika mwenyewe anachaguliwa mbele yake.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka awe na digrii na uzoefu wa kazi. Wewe, kwa bahati nzuri, sheria haikukuonea hivyo. Tena yeye ni katibu wa Bodi ya Huduma za Bunge, ile inayoshughulikia ofisi, wafanyakazi na marupurupu yenu. Mswada hauingii kwenye orodha ya shughuli bila kupita mezani kwake. Dai lako la mafuta kutoka Nyansiongo hadi Nyamira mjini nalo linapita hapo hapo. Kumbukumbu za yaliyosemwa zinatunzwa chini yake.

Lielewe hilo la mwisho. Unaweza kunguruma ukumbini mpaka madirisha yatetemeke, kisichoandikwa hakikutokea. Na unaweza kusinzia kikao kizima. Kama jina lako limo, ulihudhuria kwa niaba ya taifa. Mwanasiasa ni kama bonasi ya majani chai, huja na kelele na kuondoka na manung'uniko. Karani yupo kazini mwezi baada ya mwezi.

Si jambo jipya. Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa na wakoloni miaka ya 1920, mkuu wa wilaya, yaani DC, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wazee walizungumza, DC akaamua, karani akaandika. Leo DC ameondoka, wazee wamevaa suti, na kalamu iko mkono ule ule.

Kwa hiyo mpende. Muulize watoto wanaendeleaje shuleni. Usimpigie kelele mbele ya wageni. Ukitaka kujua mswada unasema nini, usiusome, ingia ofisini kwake saa tatu asubuhi, kubali chai, na uulize kwa unyonge, "Karani, hili jambo wewe unalionaje?" Atakueleza kwa dakika tano ambacho kingekugharimu usiku mzima. Mchana utayarudia maneno yake ukumbini kwa sauti nzito, na yeye atakaa pale chini akiyaandika kama yako, bila hata kope kutikisika.

Hatua ya 8: Hesabu vichwa, na ujue cha kwako kimehesabiwa wapi

Bunge ni hesabu. Maneno ni ya kupitisha muda wakati hesabu inatafutwa.

Kuna mtu mmoja aliyejifunza hili kwa uchungu. Desemba 1840, mjini Springfield, bunge la jimbo la Illinois huko Marekani lilikuwa katika mvutano kuhusu benki ya jimbo. Chama cha Democrat kilitaka kikao kifungwe. Wapinzani wao wa chama cha Whig walitaka kisifungwe, na silaha yao ilikuwa kuvunja akidi. Waliacha wachache ndani kufuatilia mambo. Mambo yalipogeuka, milango ikawa imefungwa. Mjumbe mmoja mrefu, aliyekuwa kwenye bunge hilo tangu 1834, akafungua dirisha akaruka nje, na wenzake wakamfuata. Kumbe bure: majina yao yalikuwa yameshaandikwa kuwa wapo. Gazeti la upande wa pili likamcheka kwamba kwa miguu ile mirefu hata kuruka hakuhitaji. Jina lake Abraham Lincoln. Baadaye alifanya kazi nyingine ikamwendea vizuri zaidi.

Sisi Nyamira tumeendeleza sanaa hiyo. Kumwondoa gavana kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote. Hoja ya kumtimua Gavana Amos Nyaribo ililetwa 2023, kura hazikutosha. Ikaletwa 2024, hazikutosha tena. Novemba 2025 ikatangazwa kuwa imepita. Ilipofika Seneti mwezi uliofuata, mashtaka yenyewe hayakusikizwa hata kidogo, kwa sababu pingamizi la idadi liliwahi: baadhi ya wajumbe waliohesabiwa kuwa wamepiga kura walisema wao hawakuwapo. Seneti ikakubali pingamizi, shughuli ikaishia hapo.

Tafakari vizuri. Lincoln alikuwa nje huku kitabu kikisema yuko ndani. Wewe uwe na busara kuliko yeye. Siku ya kura kubwa, kaa mahali ambapo kesho unaweza kuapa kwamba ulikuwapo, na keshokutwa ukaapa kwamba hukuwapo. Korido inafaa. Maegesho ya magari yanafaa zaidi.

Na Bunge likigawanyika vipande viwili, kama letu lilivyogawanyika katika mvutano wa uspika ulioanza 2024, wengine wakikaa ukumbini na wengine wakifanya vikao kwingine kwa jina la Bunge Mashinani, usipoteze usingizi ukichambua sheria. Uliza swali moja: mshahara unatokea upande upi? Ukishajibiwa, utashangaa jinsi msimamo wako wa kikatiba utakavyokuja wenyewe.

Hatua ya 9: Wasikilize wananchi kwa muda wa soda moja

Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Tii sheria. Tangaza mkutano wa kujadili bajeti asubuhi ya siku ya soko, saa ambayo mchumaji chai bado yumo shambani na kikapu mgongoni. Chagua ukumbi wenye viti vichache. Ukijaa watu thelathini, picha itaonyesha umati.

Gawa nakala moja ya bajeti kwa watu kumi. Ya Kiingereza, yenye majedwali. Nyanya mmoja atasimama kuuliza habari za daraja la mtoni lililobebwa na mvua. Msifu kwa swali zuri, sema limeandikwa, na umwonyeshe mtu anayeandika. Kisha soda na mkate, kisha karatasi ya sahihi ipite. Karatasi hiyo itunze kuliko bajeti yenyewe. Bajeti inaweza kuchapwa upya. Sahihi ya nyanya haipatikani mara mbili.

Usisahau basari. Fedha ni za kaunti, lakini hundi ya mfano, ile ndefu ya kadibodi, hakuna anayekukataza kuishika. Simama katikati ya watoto, uso wako uwe mkubwa kuliko hundi, na hundi iwe kubwa kuliko mtoto.

Hatua ya 10: Anguka vizuri

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na huenda Nyansiongo ikakuacha. Usione haya. Sema umeibiwa kura kwa wiki moja. Wiki ya pili sema una ushahidi. Wiki ya tatu, wakili akishataja bei ya kesi, tangaza kwamba umesamehe kwa ajili ya amani ya jamii. Watu watakusifu kwa ukomavu. Jina la Mheshimiwa halirudishwi serikalini kama gari. Utazikwa nalo, na kijana atakayekuwa akitafuta kiti chako ataingia kwa mbele wakati wasifu wako unasomwa.

Sasa onyo la mwisho, na hili nakuambia kwa sauti ya chini. Kifungu kile kile cha 196 kinasema Bunge hukaa hadharani. Yeyote anaweza kuingia kwenye roshani ya wageni. Siku moja utainua macho uone msichana wa kwetu, pengine binti wa huyo mchumaji chai, amekaa juu na daftari. Hapigi picha. Anaandika nani yuko na nani hayupo. Wiki inayofuata atakuwapo tena. Kisha utasikia ameonekana ofisini kwa karani, ameomba kumbukumbu za vikao, na karani, mtu uliyempenda kwa moyo wote, amempa nakala na kumkaribisha chai.

Usimtukane, utampa jina. Mkaribishe mjini Kijauri, mnunulie chakula, mweleze kwamba siasa ni chafu, mtajie mtu wa Nairobi anayetafuta mhasibu. Wengi huishia hapo. Lakini kama atakushukuru, akalipa chakula chake mwenyewe, na kabla hujainuka akauliza fedha za lile daraja ziko ukurasa gani wa bajeti, basi, ndugu yangu, mwongozo huu umefika mwisho wa uwezo wake. Itabidi uisome bajeti, na uisome usiku huo huo, maana yeye ameshaimaliza.